Masikio yanalia: telefone ao munganga?

Kwetu katika migodi ya Lualaba na Haut-Katanga, mutu anamaliza posti, anazima mashini ya kutoboa jiwe, anaoga, anakula, lakini katika kichwa mashini ingali inalia. Mwingine anasikia filimbi, mwingine nyenje wa usiku. Waganga wanaita ugonjwa huo akufene. Si ulozi. Mara mingi ni alama kwamba kelele imeharibu sikio ndani.

Wataalamu wanaweka mupaka kwenye desibeli 85 kwa saa 8. Desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, kwa 100 ni dakika 15 tu. Na mashini ya kutoboa inapita 100.

Hakuna dawa ya kuzima mulio wa miaka mingi. Kinachosaidia ni mazungumuzo ya mpango na mushauri: mutu anajifunza kulala tena, kutuliza mwili, na kuzoesha kichwa kisichukue mulio kama hatari. Mulio unabaki, lakini hautawali tena maisha. Sasa kuna aplikasyo za telefone zinazofundisha mambo yale yale, na wandugu wanatuuliza: zinafaa?

Katika Uswidi, Gerhard Andersson na wenzake waliweka masomo hayo kwenye intaneti na kutoa matokeo katika 2002. Waliofuata walipata nafuu, lakini wengi waliacha katikati. Katika Uingereza, utafiti uliotolewa 2018 uligawa watu 92: wamoja walifuata intaneti kwa majuma 8, wengine walionana na wataalamu uso kwa uso. Wa intaneti hawakubaki nyuma. Lakini tuangalie vizuri: nyuma ya ile intaneti kulikuwa mutaalamu wa masikio, aliyesoma kazi zao na kuwajibu. Katika Ujerumani, tangu 2020 munganga anaweza kuandikia mugonjwa aplikasyo inayoitwa Kalmeda, na bima inalipa. Hata pale munganga njo anaanza.

Kwetu telefone iko na faida moja kubwa. Wengi wananyamaza juu ya kuogopa: nikisema masikio yanalia, wataniondoa kazini. Usiku, na telefone yake, mutu anajisaidia bila shefu kujua. Lakini kama ni kompani ndiyo inatoa aplikasyo, nani anasoma majibu yako? Na mega zinalipwa na nani? Na masomo ni kwa luga gani?

Kuna mambo yasiyongojea telefone hata kidogo: mulio wa sikio moja tu, mulio unaopiga pamoja na moyo, kusikia kunakopotea gafula, kizunguzungu kikali, ao mawazo ya kujiua. Hapo uende kwa munganga siku ile ile.

Kwa hiyo sisi wajumbe hatukatai aplikasyo. Tunakataa ipewe mufanyakazi mahali pa munganga. Kodi ya kazi ya 2002 inaweka kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Tupeleke pale maneno matatu. Kwanza, kelele ipimwe kwenye kila mashini, na masikio yapimwe kila mwaka, mufanyakazi apewe karatasi yake. Pili, kama kuna aplikasyo, kuwe mutu anayejibu kwa Kiswahili, na habari za mugonjwa zisifike kwa mukubwa wa kazi. Tatu, saa ya kumuona munganga ihesabiwe kama saa ya kazi.

Ndugu ambaye masikio yanakulilia leo, usibaki peke yako na telefone. Kuja uone mujumbe wa sendika wa ekipe yako. Jina lako halitatoka, na kadiri tunavyokuwa wengi, ndivyo itakuwa nguvu kwao kusema ugonjwa huu hauko.