Ukienda kutembea Korbesa, bastola iache nyumbani

Siku hizi wikendi ikifika vijana wa Nairobi wako njiani. Leo Ngong, kesho Longonot, halafu picha zinajaa TikTok. Waliochoka na milima hiyo wameanza kutupia macho kaskazini, na hapo ndipo swali linapozuka: kama porini kuna simba na tembo, si afadhali mtu awe na chuma kiunoni?

Swali lenyewe limetoka mbali. Marekani, tangu Februari 2010, mtu anaweza kuingia mbuga ya taifa na bunduki yake mradi sheria ya jimbo inamruhusu. Wanaotembea misitu ya Alaska hubishana miaka nenda miaka rudi ni bastola gani itamsimamisha dubu. Sisi tunawatazama kwenye simu, nasi tunaanza yetu: Glock au Ceska? Basi tuyalete mabishano hayo Korbesa tuone kama yatasimama.

Korbesa iko kaunti ya Isiolo, upande wa Merti, kwenye bonde la mto Ewaso Ng'iro. Usitarajie msitu kama wa Aberdare. Ni nyika kavu, na kando ya mto kuna mstari wa migunga na mikoma. Kabla ya kufika huku, mto huo umepita Samburu, Buffalo Springs na Shaba, na wanyama hawasomi vibao vya mipaka. Tembo wanafuata maji. Fisi na simba wanafuata mifugo. Mamba wanangoja mtoni. Kiangazi kikikaza, watu, ngamia, ng'ombe na tembo wote wanataka maji yaleyale.

Haya, umechomoa bastola yako ya 9mm. Risasi yake ina uzito wa gramu 8 hivi. Tembo dume anaweza kufika tani 6, na ubongo wake umefichwa nyuma ya mfupa mpana. Bunduki ndefu ya .458, ambayo waongozaji wengi wa safari za miguu huiamini, inatupa risasi ya gramu 32 hivi kwa kasi kubwa zaidi, na bado wao huihesabu kuwa njia ya mwisho kabisa. Wewe na 9mm yako utamkasirisha tu. Simba akiamua kukujia, atakufikia kabla mikono haijaacha kutetemeka. Na kifutu aliyelala njiani hahitaji risasi, anahitaji uwe na tochi na buti.

Halafu kuna sheria. Kenya huwezi kununua bastola kama unavyonunua hema. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka uwe na cheti, na uonyeshe sababu nzuri ya kumiliki silaha bila kuhatarisha usalama wa umma. Desemba 2018 serikali iliagiza hata waliokuwa na leseni wapigwe msasa upya. Ukikutwa na silaha bila cheti, unazungumzia miaka jela. Kwa bunduki za aina ya AK-47, G3 na MP5, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Na hata ukiwa na cheti, usidhani kinakufungulia lango la hifadhi. Bila idhini, silaha yako haiingii.

Lakini sababu kubwa zaidi si tembo wala hakimu. Ni watu. Upande wa Merti, bunduki ina historia. Wizi wa mifugo na ugomvi wa malisho umeacha makaburi, na ndiyo maana kuna polisi wa akiba, wale NPR, wanaolinda vijiji na mifugo. Hata wao, mwaka 2019, serikali iliwaagiza warudishe bunduki ili wachunguzwe upya. Sasa fikiria mgeni asiyejulikana anatokea kichakani na silaha. Anayemwona ana sekunde chache za kuamua: huyu ni jangili, au ni mpelelezi wa wezi wa ng'ombe? Hakuna atakayedhani ni msee wa Nairobi aliyekuja kupiga picha. Na jambazi naye akijua una bastola, umempa sababu ya kukufuata.

Kwa hivyo beba nini? Kwanza, beba mwenyeji. Ukifika, piga ripoti kwa chifu na uwasalimie wazee, kisha umlipe mchungaji anayeijua nyika hiyo akuongoze. Ukipanga kutembea ndani ya hifadhi kama Shaba, uliza mapema kuhusu askari wa kukusindikiza. Kama lazima bunduki iwepo, iwe mikononi mwa aliyefunzwa na aliyetumwa.

Pili, chunga saa. Usiwe kwenye njia za kushukia mtoni jua likizama. Rusha vumbi kidogo ujue upepo unaelekea wapi, maana tembo atakunusa kabla hujamwona. Akitandaza masikio na kukugeukia, rudi nyuma polepole, na umwachie njia. Simba usimkimbie. Mtazame, simama wima, rudi taratibu. Maji chota mahali wenyeji wanapochota. Mamba wanajua pale wasipopita watu wengi.

Ndiyo, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataja fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Lakini hiyo ni pesa ambayo wewe hutaitumia.

Kuna vijana wa rika letu Korbesa wanaotoka na ng'ombe asubuhi, wakiwa na fimbo na kibuyu cha maziwa, na jioni wanarudi. Wanasoma nyayo kama sisi tunavyosoma meseji. Hiyo elimu haiuzwi dukani wala haina leseni. Ukienda, mlipe mmoja wao vizuri, nyamaza, umfuate nyuma.