Mwendo wa Ndege na Saa za Safari

Watoto wengi hudhani kwamba ajuaye umbali wa mji anajua na muda wa kuufikia. Sivyo. Umbali ni jambo moja, na muda wa safari ni jambo jingine. Basi na tuipime safari ya kutoka Peramiho kwenda Dar es Salaam, mpate kuelewa.

Chukueni ramani ya Tanzania na rula. Pigeni mstari ulionyooka toka Songea hadi Dar es Salaam, mkaupime. Mtaona ni yapata kilomita 580. Huo ndio mwendo wa ndege, kwa maana ndege hupita juu ya mapori ya Hifadhi ya Nyerere, ikavuka mto Rufiji bila kutafuta daraja. Barabara haiwezi kufanya hivyo. Kwanza huelekea Njombe, kisha huzunguka kwa Iringa na Morogoro. Urefu wake ni yapata kilomita 950.

Sasa gawanyeni. Mtu wa miguu akienda kilomita 25 kila siku, atashika barabara hiyo siku 38. Basi likienda kilomita 60 kwa saa, litatumia karibu saa 16. Ndege iendayo kilomita 600 kwa saa itatumia kama saa 1 tu.

Je, atokaye Peramiho atafika kwa saa 1? Hasha! Kwanza asafiri kilomita zipatazo 25 hadi Songea. Kiwanjani hutakiwa afike mapema, mizigo yake ipimwe. Ndege nayo hupanda polepole, na upepo wa mbele huipunguzia mwendo. Akishuka, atakuta barabara za mjini zimejaa magari. Jumlisheni yote: huenda ikawa saa 5 au zaidi.

Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilianza kuchukua abiria toka London hadi Cape Town, zikitua Mbeya njiani. Safari ilikuwa ya kilomita zipatazo 13,000. Kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, zingetosha saa 81 hivi, yaani siku 3 na nusu. Lakini safari ilichukua siku 11, kwa sababu ndege zilitua mara nyingi kutia mafuta, na usiku abiria walilala.

Hesabu hii si mchezo. Mgonjwa mahututi akipelekwa Muhimbili toka hospitali ya Peramiho, saa zinazookolewa ni uhai wake. Ahesabuye saa za angani peke yake atamwambia daktari wa huko saa isiyo ya kweli, na gari la wagonjwa litakuja bure. Mwenye busara huhesabu toka kitanda hadi kitanda.

Maswali
1. Kwa nini barabara ni ndefu kuliko mwendo wa ndege?
2. Ndege iendayo kilomita 400 kwa saa itamaliza kilomita 580 kwa dakika ngapi?
3. Taja mambo matatu yanayoongeza muda wa safari ya ndege.