Usilipie "Kufunguliwa" Prosesa

Kompyuta nyingi zinazouzwa leo zina prosesa yenye viini kadhaa, na kila kiini kinaweza kufanya kazi yake wakati mmoja na vingine. Umeenea ushauri kwamba Windows hutumia kiini kimoja tu mpaka fundi "avifungue" vilivyobaki. Ushauri huo si sahihi, na mtumiaji hana sababu ya kuulipia.

Kazi ya kugawa shughuli baina ya viini ni ya mfumo endeshi. Windows inapowaka huvitambua viini vyote na kuvitumia bila kuamriwa, na Linux hufanya vivyo hivyo.

Uvumi huu unatokana na programu ndogo ya Windows iitwayo msconfig. Katika ukurasa wake wa "Boot", chini ya "Advanced options", kuna kisanduku kilichoandikwa "Number of processors". Kwa kawaida hakina alama, na wengi hudhani kuwa kukosekana kwa alama kunamaanisha viini vimefungwa. Ukweli ni kinyume chake. Kisanduku hicho kiliwekwa ili wataalamu waweze kupunguza idadi ya viini wanapojaribu programu au kutafuta hitilafu. Atakayechagua idadi ya juu kabisa hatapata chochote cha ziada. Atakayechagua 2 ilhali anavyo 8 atakuwa amejinyima 6. Kisanduku cha jirani, "Maximum memory", ni cha kuogopwa zaidi, kwani kikiwekewa kiasi kidogo mno Windows inaweza kushindwa kuwaka.

Ili kujionea mwenyewe, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha fungua "Performance" na "CPU". Neno "Cores" huonyesha idadi ya viini. "Logical processors" mara nyingi huwa maradufu ya hiyo, kwa kuwa baadhi ya viini hupokea mikondo miwili ya kazi kwa pamoja. Linganisha na idadi iliyotangazwa na mtengenezaji wa prosesa. Ikiwa pungufu, ondoa alama katika msconfig na uwashe kompyuta upya; tofauti ikibaki, huenda viini vimezimwa katika mipangilio ya BIOS, na hapo fundi anaweza kuhitajika kweli.

Toleo la Windows lina umuhimu pale tu kompyuta inapokuwa na prosesa mbili kamili kwenye ubao mmoja, kama zilivyo baadhi ya kompyuta kubwa za kiofisi zinazouzwa zikiwa zimetumika. Windows 10 Home hutumia prosesa moja, pamoja na viini vyake. Windows 10 Pro hutumia mbili. Mnunuzi wa mashine ya aina hiyo aulize toleo kabla ya kulipa.

Jina nalo hupotosha. Tarakimu 7 katika "Core i7" si idadi ya viini: Core i7-7500U ina viini 2, ilhali Core i5-8250U, iliyotoka mwaka uliofuata, ina 4. Muuzaji akutajie namba yote.

Hata viini vyote vikifanya kazi, kasi haiongezeki kwa kiwango hichohicho. Mafundi cherehani wanne hawamalizi shati moja kwa robo ya muda wa fundi mmoja, na programu nyingi ni kama shati hilo. Kompyuta inayosuasua mara nyingi ina kumbukumbu ndogo au diski ya zamani ya kuzunguka, na fedha za "kufungua" zingefaa zaidi kubadilishia hiyo diski.

Fundi akisisitiza, mtake akuonyeshe idadi ya viini kabla na baada ya kazi, na akuandikie risiti inayotaja alichobadilisha. Idadi isipobadilika, tuletee lalamiko pamoja na risiti hiyo.