Utunzaji wa Viti vya Ngozi ya Bandia

Siku hizi pikipiki za abiria zimeenea mijini na vijijini, na karibu kila moja ina kiti kilichovikwa ngozi ya bandia, ambayo mafundi wa viti huiita leza. Kiti hicho hushinda juani na kulala umandeni, lakini wanaojua kukitunza ni wachache. Kaka yangu hupata riziki kwa pikipiki ya namna hiyo, na nauli yangu ya kuja shuleni hutoka humo. Kwa hiyo kila likizo kazi ya kusafisha kiti huwa yangu, nami napenda kuwaeleza wenzangu namna ifaayo.

Kwanza yatupasa kujua kitu hiki ni nini. Si ngozi ya mnyama hata kidogo. Ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na mara nyingi plastiki hiyo ni ile iitwayo polivinili kloridi. Kwa asili yake ni ngumu, kama ile ya mabomba ya maji. Mwaka 1926 mtaalamu mmoja wa Marekani, Waldo Semon, aligundua kwamba ikipashwa moto pamoja na vimiminiko fulani huwa laini na kunyumbuka kama mpira. Basi ulaini wa kiti watokana na vilainisho hivyo. Vikitoka, kiti hukakamaa na mwishowe hupasuka.

Adui wa kwanza wa kiti ni jua. Joto huvitoa vilainisho polepole, na mwanga wake huidhoofisha plastiki yenyewe. Adui wa pili ni petroli. Tangi liko mbele ya kiti, na wakati wa kujaza mafuta matone humwagika. Tena wako watu wafutao grisi kwa petroli. Kiti hung'aa siku ile, lakini petroli huondoka na vilainisho. Wengine hupaka mafuta ya kupikia, wakidhani kwamba wanalainisha ngozi. Mafuta hayo hubaki juu tu, yakanasa vumbi na kumtelezesha abiria.

Njia iliyo njema ni hii. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, maana mchanga ukisuguliwa hukwaruza. Kisha tia matone machache ya sabuni ya maji katika maji ya uvuguvugu, uchovye kitambaa laini, ukikamue, ndipo ufute. Mishono isugue taratibu kwa mswaki wa zamani. Usikimwagie kiti maji kwa ndoo, kwa sababu maji hupenya katika matundu ya sindano yakaingia katika sponji, na sponji iliyolowa haikauki upesi. Futa sabuni yote kwa maji safi, ukaushe kwa kitambaa, kisha uache kiti kivulini. Petroli ikidondoka, ifute papo hapo.

Kila jioni kagua mishono na pembe. Palipofumuka pashonwe mapema, kwani mvua ikishaingia, abiria atashuka na nguo iliyolowa, na kesho atapanda pikipiki ya mwingine. Kufanya kiti upya ni gharama, lakini sabuni kidogo na kivuli cha mwembe havimshindi mtu. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta.