Kitenzi "Settle" na Maana Zake Katika Bonde la Subukia

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza ambavyo mtu wa Bonde la Ufa hukutana navyo mara kwa mara, kimoja chastahili kutazamwa kwa makini. Kitenzi hicho ni "settle". Huonekana katika barua ya benki, katika hesabu ya chama cha maziwa, katika karatasi za mahakama, na katika vitabu vya historia ya mashamba. Wengi waliojifunza Kiingereza shuleni walifundishwa kwamba maana yake ni kukaa mahali. Mtu akiridhika na maana hiyo moja, siku moja atapokea barua asiielewe, au, lililo baya zaidi, aielewe kinyume.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Subukia aliyeletewa barua yenye mstari mmoja tu, kwamba yaombwa hesabu yake iwe "settled" kabla ya mwisho wa mwezi. Mkulima huyo amekaa katika shamba lake miaka thelathini. Aweza kudhani ya kuwa barua yazungumza habari za makao yake, na kwa kuwa yeye amekwisha kukaa, hana la kufanya. Kumbe barua yamtaka alipe deni. Kosa ni la neno moja, lakini riba haimngojei mtu afungue kamusi.

ASILI YA NENO

Katika Kiingereza cha kale lilikuwako neno "setl", maana yake kiti. Hata leo Waingereza huita "settle" benchi refu la mbao lenye egemeo, la kukalia watu kadha wa kadha. Kutokana na kiti hicho kilizaliwa kitenzi cha kumkalisha mtu au kukiweka kitu mahali pake. Baadaye, katika karne za kati, kitenzi kingine chenye sauti iliyokaribiana nacho, ambacho maana yake ilikuwa kupatanisha, kilichanganyika nacho. Basi neno hili ni kama mto uliopokea maji ya vijito viwili, kimoja cha kiti na kimoja cha suluhu. Mwenye kukumbuka vijito hivyo viwili hatapotea sana katika maana zake nyingi.

KUTUA NA KUTUAMA

Maana nyepesi ni ile ya vitu. Ndege akishuka juu ya mti, Mwingereza hutumia "settle". Mswahili husema ametua. Maji ya mto yakitekwa wakati wa mvua na kuachwa katika pipa, matope hushuka chini. Mwingereza atatumia neno lile lile, na Mswahili atasema matope yametuama. Vumbi la barabara ya Nakuru likipungua baada ya lori kupita, pia ni "settle".

Hata ardhi yenyewe hutajwa hivyo. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo mlaini hushuka kidogo kidogo, kuta zikapata nyufa, na fundi wa Kiingereza akasema nyumba ina-"settle". Lakini asiwepo mtu wa kulitumia neno hili la upole kwa yale yaliyotokea Subukia tarehe 6 Januari 1928. Siku hiyo tetemeko kubwa, ambalo wataalamu wamelipima kuwa la nguvu ya 6.9, lilipasua ardhi kandokando ya ukingo wa Laikipia na Marmanet kwa urefu wa kilomita zipatazo 38, na mahali pengine upande mmoja wa ufa ulishuka hata kufikia mita 2.4. Kwa tukio la namna hiyo Kiswahili kina kudidimia na kuporomoka, na Kiingereza nacho kina maneno yake mengine.

ALIYEKETI NA ALIYECHUCHUMAA

Maana iliyogusa maisha ya watu wa Subukia kuliko zote ni ile ya kuhamia nchi na kuifanya makao. Kiswahili kina kitenzi chake kizuri, kulowea, na mtu wa namna hiyo huitwa mlowezi. Lakini katika mashamba watu wengi walisema "setla", na wingi wake masetla.

Mwaka 1904 Wamasai waliondolewa katika sehemu hizi za Bonde la Ufa kwa mapatano yaliyoandikwa na serikali ya wakati ule, na wengi wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 yalifanywa mapatano mengine ya kuwaondoa huko pia na kuwapeleka kusini. Hivyo bonde lilifunguliwa kwa wakulima wa Kizungu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwawezesha kupewa mashamba kwa kukodi miaka 999, na kuanzia mwaka 1919 ulikuwako mpango maalumu wa kuwapa mashamba askari wa Kizungu waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza.

Katika mashamba hayo hayo waliishi Waafrika wengi pamoja na jamaa zao na mifugo yao. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa. Hao hawakuitwa "settlers". Waliitwa "squatters", na watu wakasema maskwota. Neno hilo latokana na kitenzi ambacho maana yake ni kuchuchumaa. Yafaa msomaji atue hapa kidogo. Watu wawili waliishi katika shamba moja, mmoja katika nyumba ya mawe, mwingine katika kibanda karibu na kijito. Lugha ilimpa wa kwanza kiti, na wa pili ikamwacha amechuchumaa kama mtu atakayeondoka sasa hivi, hata kama amezaliwa papo hapo. Maneno hayo mawili hayakutunga sheria, lakini yaliifanya ionekane kama jambo la kawaida.

MAKAO NA DENI

Mwaka 1962, uhuru ulipokaribia, ulianza mpango mkubwa wa kununua mashamba ya Wazungu na kuyagawa kwa wakulima wa Kiafrika, uliojulikana kwa jina la mpango wa ekari milioni moja. Katika miaka iliyofuata, familia zipatazo 35,000 zilipata mashamba kwa njia hiyo. Kwa Kiingereza uliitwa "settlement scheme"; wakulima wakasema skimu. Neno lililokuwa la mgeni sasa likawa la mwananchi.

Lakini pamoja na makao lilikuja deni. Sehemu kubwa ya fedha za kununulia mashamba ilikuwa mkopo, nao wakulima walitakiwa kuulipa pamoja na riba kwa muda wa miaka mingi. Hapo maana mbili za kitenzi kimoja zilikutana katika nyumba moja: mtu amekuwa "settled" juu ya shamba, na bado hajali-"settle" deni la shamba hilo. Hati kamili haikumfikia mpaka maana ya pili ilipotimia. Dawa ya deni kulipa, nao waliolifahamu jambo hili mapema walizitunza risiti zao kama wanavyotunza mbegu.

Katika wilaya ya Nakuru watu wengi walipata ardhi kwa njia nyingine, yaani kwa kununua hisa katika makampuni na vyama vya kununua mashamba. Huko pia wako walioishi juu ya vipande vyao miaka mingi kabla ya kushika hati mkononi. Wamejenga, wamepanda mahindi, wamezika wazee wao hapo, lakini kwa lugha ya wanasheria habari yao haijawa "settled". Mswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mila, jembe hilo humfanya mtu kuwa mwenyeji. Kwa sheria, jembe halitoshi bila karatasi.

KUMALIZA SHAURI

Sasa tuje kwenye kijito cha suluhu. Watu wawili wakigombania mpaka na wazee wakawapatanisha, ugomvi umekuwa "settled". Jaji akitoa hukumu, shauri limekuwa "settled". Wenye kesi wakipatana nje ya mahakama, ni "settlement" vile vile. Kiswahili hutenga mambo haya kwa maneno mbalimbali: kusuluhisha, kuamua, kuafikiana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, yaziagiza mahakama kuendeleza njia za upatanisho, usuluhishi na taratibu za kimila, na hivyo maana hii yaendelea kuwa na kazi nyingi.

Tena ni lazima kufahamu kwamba kupatana si sawa na kukiri kosa. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilitangaza katika bunge lake kwamba imepatana na Wakenya 5,228 waliodai kuteswa wakati wa Hali ya Hatari. Kiasi kilichotajwa, pamoja na gharama za kesi, kilikuwa pauni milioni 19.9. Serikali hiyo ilisema inasikitika kwa mateso yaliyotendeka, lakini ikaendelea kukana kwamba yawajibika kisheria. Kwa Kiingereza yote hayo yaliingia katika neno "settlement". Aliyelitafsiri neno hilo kuwa hukumu alikosea, maana hakuna jaji aliyetoa hukumu ya mwisho. Na aliyelitafsiri kuwa zawadi alikosea zaidi.

Liko fungu moja la maneno ambalo kila mkulima na kila karani yampasa alijue kwa moyo: "in full and final settlement". Maana yake ni kwamba fedha zinazotolewa ndizo zote, na mpokeaji hatadai tena. Mtu aliyeumia kazini, au aliyelipwa pungufu ya haki yake, akitia sahihi chini ya maneno hayo, kwa kawaida amejifungia mlango. Kama fedha ni sehemu tu ya deni, na iandikwe hivyo, kabla kalamu haijagusa karatasi.

JINSI YA KUTAMBUA

Njia nyepesi ya kuitambua maana ni kutazama neno linalofuata. Likifuata deni, bili au hesabu, maana ni kulipa. Ikifuata kesi au ugomvi, ni kumaliza. Kikifuata "in" pamoja na jina la mahali, ni kuhamia na kufanya makao. Kikifuata "down", ni kutulia, kama kijana aliyeacha kutangatanga akaoa. Kikifuata "on", mara nyingi ni kuchagua jambo baada ya kufikiri. Na kikifuata "for", ni kuridhika na kilicho pungufu ya kile kilichotakiwa. Hapo msomaji na aangalie sana, hasa kama ni yeye anayeambiwa aridhike.

Wala asidhani mtu kwamba Kiingereza peke yake ndicho chenye maneno ya namna hii. Kiswahili kina kutua: ndege hutua, jua hutua, mchukuzi hutua mzigo. Jamaa zake ni kutulia, kutuliza, kutuama na kituo. Waingereza walianza na kiti. Waswahili walianza na mzigo unaoshushwa chini. Kwa sababu hiyo mtu wa Subukia aliyepewa shamba, akamaliza deni lake, akapatana na jirani juu ya mpaka, na akapata hati yake, huyo ndiye aliyetua kweli kweli. Aliyepata moja tu katika hayo bado ana mzigo kichwani, hata kama karatasi ya Kiingereza yasema amekwisha kuwa "settled".

Basi barua yenye neno hilo ikifika nyumbani, isisomwe mara moja ikatiwa mfukoni. Isomwe mara ya pili, na swali liulizwe: ni kukaa, ni kulipa, ni kupatana, au ni kuridhika? Kama jibu halionekani, na aulizwe karani, mwalimu au mwanasheria kabla ya kutia sahihi. Kuuliza si ujinga, na gharama yake ni ndogo kuliko thamani ya ekari moja.