Bibi waliovuka bahari kwenda kucheza mpira

Mwezi huu habari za michezo tunazitoa kwa bibi zetu. Tunajua wapo watakaocheka. Chekeni tu, lakini someni mpaka mwisho, maana hata hawa tutakaowaeleza walianza kwa kuchekwa.

Nchini Afrika Kusini, jimbo la Limpopo, kuna mji unaitwa Nkowankowa, karibu na Tzaneen. Wakati wa ubaguzi wa rangi sehemu hiyo ilikuwa ndani ya Gazankulu. Miaka ya 1980 Wamsumbiji wengi waliokimbia vita walipokelewa Gazankulu, kwa sababu walikuwa wanasikilizana lugha na wenyeji. Kwa hiyo ni watu wanaojua ukimbizi ni nini.

Hapo Nkowankowa mama mmoja, Beka Ntsanwisi, alishikwa na saratani. Katika kutibiwa kwake aliona jinsi mama wazee wanavyoteseka na maradhi: huyu presha, yule sukari, mwingine magoti. Akawakusanya wafanye mazoezi ya viungo. Siku moja mpira wa watoto ukabingirika mpaka walipo, bibi mmoja akajaribu kuupiga. Wenzake wakacheka, halafu kila mmoja akataka kujaribu. Ndivyo timu ilivyozaliwa. Jina lake ni Vakhegula Vakhegula, yaani kwa Kitsonga, bibi, bibi. Kulikuwa na wa miaka 40 na kitu, kulikuwa na waliopita 80.

Maneno hayakukosekana. Mpira ni wa wanaume, bibi mzima anavaa kaptula, na mengine kama hayo. Tena hawakuwa watu wa kukaa bure. Baadhi yao walikuwa wanalea wajukuu walioachwa na wazazi. Lakini walirudi uwanjani, maana waliona miili yao inaanza kuwasikiliza.

Mwaka 2010 Kombe la Dunia lilichezwa Afrika Kusini, kuanzia tarehe 11 Juni hadi 11 Julai. Wakati dunia nzima inamiminika kwao, bibi hao wakajiandaa kwenda nje. Mwezi huo huo wa Julai walisafiri mpaka Lancaster, jimbo la Massachusetts, Marekani, kwenye mashindano ya wachezaji maveterani yanayoitwa Veterans Cup. Nani aliwaita? Ni akina mama wenzao wa huko, timu ya Lexpressas, waliowaona kwenye video wakawapenda. Waliwaandikia, wakahangaika kuchanga pesa, na bibi walipofika wakacheza nao. Mmoja wa akina mama hao, Jean Duffy, aliandika kitabu juu ya safari hiyo, Soccer Grannies, kilichotoka mwaka 2023.

Hapa tueleze kidogo. Michezo ya maveterani si kama timu ya taifa. Kwa kawaida serikali haikutumi: kiingilio, nauli na malazi unajitafutia. Uzuri wake ni kwamba unashindana na wa umri wako. Kwenye riadha makundi huanzia miaka 35 na kupanda kila miaka 5, kwa hiyo mzee wa 70 hakimbizwi na kijana wa 40. Na Michezo ya Dunia ya Masters, iliyoanza Toronto, Kanada, mwaka 1985, haina mchujo. Ukifikisha umri na ukajilipia, unaingia.

Sasa sisi tulio kambini tuseme ukweli. Kusafiri kwetu ni karatasi juu ya karatasi. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 28, unasema mkimbizi anayeishi kihalali katika nchi apewe hati ya kusafiria, isipokuwa kama kuna sababu nzito za usalama. Lakini bado kuna kibali cha kutoka kambini, viza na nauli. Hatutamdanganya mtu kwamba akipiga mpira leo, kesho atapanda ndege.

Lakini angalieni yaliyofuata. Mwaka 2023 mashindano ya kimataifa ya mabibi yalifanyika huko huko Limpopo, wakaja wageni kutoka Marekani na Ufaransa. Waliokuwa wageni mwaka 2010 sasa wakawa wenyeji. Na safari yote hiyo haikuanzia kwenye ndege, ilianzia kwenye mazoezi ya mama wagonjwa katika mtaa wao.

Na hilo hata sisi tunaliweza. Uwanja wa shule huwa wazi jioni baada ya masomo. Wakimbizi wazee humu wanashinda wamekaa, wakisimama ni kwa foleni ya posho au ya zahanati. Tunapendekeza tuanze Jumatano na Jumamosi, saa kumi jioni. Wiki za kwanza ni kutembea na kunyoosha viungo. Halafu tutaingia mpira wa kutembea, ulioanza Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011: kukimbia ni faulo, wapinzani wanapewa mpira. Mwenye presha au moyo apite kwanza zahanati aulize. Anayesikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, akae chini mara moja na atuambie. Kaptula si lazima, kitenge kilichofungwa vizuri kinatosha.

Mama mmoja alituuliza: "Mimi nikienda kucheza, maji atachota nani?" Swali hilo tunalipeleka kwenu vijana. Siku hizo mbili chota wewe, mtoto mbebe wewe, mwache bibi aende. Na akirudi na vumbi miguuni, usimcheke. Muulize wamefungana ngapi.

Tuonane uwanjani.

Walimu wenu wa kujitolea