Uso kwa Uso

Masomo: 2 Wafalme 18:1-4; 2 Yohana 12

Leo twataka kuzungumza juu ya chombo kidogo ambacho pengine kimo mfukoni mwako sasa hivi, au kimelazwa kando ya mto wako: simu ya mkononi. Wengine wenu mnatusikiliza kwa simu hiyo hiyo.

Tarehe 3 Aprili 1973, Mmarekani aitwaye Martin Cooper alisimama barabarani mjini New York akapiga simu ya kwanza ya namna hiyo. Ilikuwa na uzito uliozidi kilo moja. Hapa kwetu Kenya, hata katika miaka ya 1990, simu ya mkononi ilikuwa mali ya matajiri wachache. Walio wengi walipanga mstari penye kibanda cha simu, sarafu mkononi, au waliandika barua ikapitia sanduku la posta la shule au la kanisa. Karo ilitumwa kwa hawala ya posta, au ilikabidhiwa mtu aliyekuwa akisafiri kwenda nyumbani, na aliyeituma alikaa siku kadhaa asijue kama imefika. Kisha, mwezi wa Machi 2007, M-Pesa ikaanzishwa, na mama aliye kijijini akaweza kupokea fedha kabla maji ya chai hayajachemka.

Basi hatukuja kuilaani simu. Mgonjwa mahututi amefikishwa hospitali usiku kwa sababu jirani alikuwa na simu. Binti aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani Saudi Arabia huwasikia watoto wake kwa simu, wala hana njia nyingine. Hiyo ni neema, na neema hupokewa kwa shukrani.

Lakini ni vizuri tujue chombo hiki hufanyaje kazi, maana wengi hudhani kwamba fedha zimo ndani ya simu. Hazimo. Simu ni tarishi tu. Ukiisha kubonyeza namba yako ya siri, ujumbe husafiri kwa mawimbi ya redio mpaka mnara ulio karibu, na kutoka mnarani hufika kwenye mitambo ya kompyuta. Hapo hesabu yako hupunguzwa, na hesabu ya mwenzako huongezwa. Fedha zenyewe zimehifadhiwa benki, katika akaunti za amana. Ndiyo sababu simu ikitumbukia kisimani, fedha hazizami pamoja nayo. Na ndiyo sababu pia, mitambo ikisimama, fedha zako zipo na huwezi kununua hata unga.

Haya tumeyaona. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima, hata abiria katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wakajikuta gizani. Minara ya simu ina betri na jenereta, lakini betri huisha, na jenereta hutaka mafuta. Tena Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zipitazo chini ya bahari zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi jirani. Waya ulikatika huko mbali, chini ya maji, na mtu wa Nairobi aliyeketi ofisini mwake akashindwa kufanya kazi yake.

Ndugu zangu, siku kama hizo hutuonyesha mioyo yetu. Chaji ikibaki kidogo, wengi wetu twaingiwa na hofu ambayo hatuipati tukiisha kukaa wiki nzima bila kusali. Tukikosa salio, twajua mara moja pa kukopa. Kuna huduma ya kukopeshwa muda wa maongezi iitwayo Okoa Jahazi. Jina zuri! Lakini wanafunzi wa Yesu, jahazi lao lilipojaa maji, walijua wa kumwamsha.

Katika Hesabu sura ya 21 twasoma kwamba Musa, kwa amri ya Mungu, alitengeneza nyoka wa shaba, na watu walioumwa na nyoka walipomtazama wakapona. Kilikuwa kitu chema, kilichotoka kwa Mungu mwenyewe. Lakini miaka mingi baadaye, siku za mfalme Hezekia, watu walikuwa wakimfukizia uvumba nyoka yule yule, na mfalme akamvunja vipande vipande. Shaba haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni mahali watu walipoiweka: msaada uliogeuzwa kuwa mungu hauna budi kushushwa.

Je, simu zetu tumeziweka wapi? Tujiulize maswali mawili tu. Asubuhi, mkono wetu wa kwanza hunyoshwa wapi? Na tunapoketi mezani pamoja na watoto, nani anayejibiwa upesi, mtoto anayeuliza au simu inayolia?

Liko jambo zito zaidi. Mzee Yohana alipoandika waraka wake wa pili alikuwa na mengi ya kusema. Chombo cha siku zile kilikuwa karatasi na wino, naye alikitumia vema. Hata hivyo, mwishoni anasema hakutaka kuyamaliza yote kwa njia hiyo, kwa maana alitumaini kuja kwao na kusema nao ana kwa ana, ili furaha yao iwe kamili. Yohana alijua barua inaweza kufanya nini, na alijua inapoishia.

Sisi je? Mama yetu yuko nyumbani, macho yamefifia. Kila mwisho wa mwezi simu yake inalia, fedha zimeingia. Tunaridhika kwamba tumemtunza. Lakini nani aliyemwona miguu ilivyovimba? Nani ajuaye kwamba fedha zile huchukuliwa na kijana anayemsomea ujumbe? Mgonjwa wa kanisa letu hupokea jumbe arobaini za pole katika kundi la simu, na kiti kando ya kitanda chake hakina mtu. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Naye Bwana wetu, katika Mathayo 25, hatauliza kama tulituma ujumbe. Atauliza juu ya kwenda kumtazama mgonjwa.

Basi tufanye mambo matatu. Kwanza, tuandike katika daftari namba za watu wetu wa lazima, tuzikariri mbili tatu, na tuweke akiba ndogo ya shilingi nyumbani. Hiyo ni busara. Pili, kabla ya kuishika simu asubuhi, tuseme na Mungu kwanza, hata kama ni sala fupi. Tatu, wiki hii kila mmoja wetu achague mtu mmoja ambaye amekuwa akimtumia fedha au salamu tu, ampigie simu, amwambie siku atakayokwenda kumwona. Kisha aende. Huko ndiko kuitumia simu kama Yohana alivyoutumia wino.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, twakushukuru kwa akili uliyowapa wanadamu, na kwa vyombo vinavyotuunganisha na wapendwa wetu walio mbali. Utuepushe na kuvitegemea kuliko tunavyokutegemea wewe. Wewe uliyemtuma Mwanao kwetu katika mwili, utupe miguu ya kuwaendea wanaotungoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.